Pumu haina dozi ya kumaliza

Kwa miaka kumi na minne niliyofundisha Kiswahili katika shule za upili, wanafunzi wangu wamenijua kwa mambo mawili: ukali wa kusahihisha insha, na kikohozi. Kikohozi hicho nilikisingizia chaki, na hakuna aliyeshuku. Ukweli ni kwamba nina pumu tangu utotoni. Kila iliponibana katikati ya kipindi nilisingizia kwenda kuchukua daftari la mahudhurio, nikajifungia msalani, nikavuta dawa mara mbili au tatu, kisha nikarejea darasani nikitabasamu. Niliona aibu. Aibu ya nini hasa, sijui hata leo, maana sikuiba pumzi za mtu.

Ningeendelea hivyo hadi kustaafu, lau si usiku mmoja wa Julai mwaka 2024.

Shule yetu ni ya bweni, nayo iko Nyandarua, mahali ambapo mwezi huo ukungu hushuka kabla ya jua kutua na wanafunzi hulala wamevaa sweta mbili mbili. Nilikuwa mwalimu wa zamu. Yapata saa tano usiku kiranja wa bweni alinigongea mlango, akaniambia kuna mvulana wa kidato cha pili "anakata roho". Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono ameitegemeza magotini, mabega yakipanda na kushuka kama mtu anayepanda mlima akiwa amekaa. Hakuweza kutamka maneno matatu bila kukatika. Kiganjani alishika inhela ya buluu na kuibonyeza tena na tena. Ilitoa hewa, naam, lakini haikumsaidia kitu, kwa sababu dawa ilikuwa imekwisha kitambo na kilichobaki ndani kilikuwa gesi ya kuisukumia.

Nikatoa yangu mfukoni, mbele ya wavulana sitini. Nikaitikisa, nikamvutisha pumzi moja, nikangoja kidogo, nikamvutisha nyingine, nikaendelea hivyo huku wenzake wakienda kumwamsha dereva. Safari ya hospitalini ilichukua dakika arubaini katika barabara ya udongo uliolowa. Nimewahi kufiwa, nimewahi kuvamiwa na wezi, lakini sijawahi kuhesabu dakika kama nilivyozihesabu zile. Alitiwa oksijeni, akapewa dawa ya kuvukiza na nyingine ya mshipani, na alfajiri akaomba chai. Hapo ndipo nilipojua kwamba ataishi.

Asubuhi hiyo tulifungua sanduku lake la bati ili kumpelekea nguo. Chini kabisa, katikati ya vitabu, tulikuta inhela ya kahawia ikiwa bado katika kijisanduku chake, haijafunguliwa. Risiti ilikuwa ya Januari. Nilipomwona jioni nilimkemea kama tujuavyo kukemea sisi walimu. Nilimuuliza kama anadhani wazazi wake huokota pesa barabarani. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akasema kwa adabu, bila kiburi chochote: "Mwalimu, mbona nawe hutumia ile ya buluu peke yake?"

Kumbe alikuwa ameniona. Mlango wa msala wa walimu una ufa, na mwanafunzi mwenye pumu huitambua sauti ya inhela hata akiwa mbali. Nilikosa la kujibu. Yangu ya kahawia ilikuwa nyumbani juu ya kabati, imefunikwa na vumbi, na mara ya mwisho kuigusa ilikuwa mwaka uliotangulia.

Msomaji asiye na ugonjwa huu huenda akauliza tofauti ya rangi hizo. Mwenye pumu ana njia za hewa zilizovimba kwa ndani na zilizo jepesi kukasirika. Zikikutana na vumbi, baridi, moshi, chavua au mafua, misuli inayozizunguka hujikaza, makamasi huongezeka, na hewa hupita kwa shida ikipiga mluzi. Dawa ya buluu, ambayo aghalabu ni salbutamol, hulegeza misuli ile kwa dakika chache tu, na nafuu yake hudumu saa nne hadi sita hivi. Dawa ya kahawia, ambayo mara nyingi ni beclomethasone, hutuliza uvimbe wenyewe. Hiyo haikupi nafuu ya papo hapo. Huhitaji siku nyingi, pengine majuma, na hufanya kazi mradi inavutwa kila siku, uwe unaumwa au huumwi. Mfano ninaowapa wanafunzi wangu ni wa jiko lililojaa moshi: buluu ni kufungua dirisha, kahawia ni kuziondoa kuni mbichi. Mwenye kufungua dirisha peke yake atapumua, lakini kuni zinaendelea kufuka.

Hapo ndipo hatari ilipojificha. Dawa inayoleta faraja ndiyo isiyoponya uvimbe, na dawa inayotuliza uvimbe haileti faraja yoyote inayohisiwa. Binadamu huamini kile anachokihisi. Mimi mwenyewe, mwenye shahada na cheti cha ualimu, niliamini kifua changu kuliko nilivyomwamini daktari.

Wala si jambo la Nyandarua pekee. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu na 455,000 walikufa kwayo, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha chini-wastani, yaani nchi kama yetu. Shirika hilohilo lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, takriban nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu hutumia dawa zao ipasavyo. Uingereza, ambako dawa hizi hazikosekani, Chuo cha Kifalme cha Madaktari mjini London kilichunguza vifo 195 vya pumu vilivyotokea katika mwaka mmoja kuanzia Februari 2012. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Miongoni mwa marehemu waliokuwa wakiandikiwa inhela ya kutuliza, asilimia 39 walikuwa wamepewa zaidi ya 12 katika mwaka wao wa mwisho. Kwa upande wa inhela za kuzuia, asilimia 38 ya wale ambao hesabu yao ilijulikana walikuwa wamepewa chini ya nne katika mwaka huo. Nilipozisoma takwimu hizo nilijiona ndani yake.

Profesa Samy Suissa wa Chuo Kikuu cha McGill na wenzake walifuatilia wagonjwa wa jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Waligundua kwamba kwa kila kopo moja zaidi la dawa ya kuzuia lililotumiwa katika mwaka, uwezekano wa kufa kwa pumu ulipungua kwa asilimia 21. Zaidi ya hayo, hatari ilipanda katika miezi mitatu ya kwanza baada ya mgonjwa kuacha dawa. Kwa ajili ya ushahidi wa aina hii, jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu liitwalo GINA lilitoa mwongozo mpya mwaka 2019: mtu mzima, au kijana aliyetimu miaka 12, asitibiwe tena pumu kwa dawa ya haraka peke yake bila ya kuzuia uvimbe. Miaka mitano baadaye mwalimu mmoja wa Kiswahili na mwanafunzi wake walikuwa bado wanafanya kinyume.

Kwa nini? Ni rahisi kuufunga mjadala kwa methali ya asiyesikia la mkuu. Walimu tunaipenda mno methali hiyo. Katika kisa changu, hata hivyo, mkuu mwenyewe ndiye aliyevunjika guu wa kwanza, na mwana akamwiga. Kwa hiyo nimejilazimisha kutafuta sababu kwingine, na kwa kuwa kazi yangu ni lugha nilianzia kwenye lugha.

Tangu tulipokuwa watoto tumefunzwa maneno mawili juu ya dawa: maliza dozi. Tumefunzwa hivyo kwa malaria, kwa kifua kikuu, kwa kila kidonda kilichoingia usaha. Ni mafunzo mema. Lakini tazama yanavyomsaliti mwenye pumu. Dozi ikimalizika, ugonjwa umekwisha; ndivyo neno lenyewe linavyotuambia. Mama wa mvulana yule aliniambia kwa unyofu kwamba mwanawe alipewa dozi alipokuwa darasa la saba, akaimaliza, akapona. Alipofika kidato cha kwanza na daktari akaandika nyingine ya kahawia, waliinunua kama akiba, iwapo ugonjwa utarudi. Ugonjwa haukuwa umeondoka hata urudi.

Fikiria pia kitenzi tunachokitumia. Dawa kwetu hunywewa au humezwa. Mtu akiulizwa, "Umekunywa dawa?" hujibu kwa kufikiria kidonge au chupa. Kile kinachovutwa mdomoni kwa sekunde moja, kisicho na uchungu wala maji ya kukisukumia, hakijapewa heshima ya kuitwa dawa. Huitwa "pampu", kama ya baiskeli, na pampu hutafutwa gurudumu likiisha upepo. Nimewasikia wazee wakisema kwamba pampu ndiyo kituo cha mwisho, kwamba ukishaianza mapafu huzoea na hutaweza kuiacha, afadhali vidonge. Hakuna ukweli katika hilo. Dawa ya kuvutwa hufika palepale penye uvimbe, ndiyo maana kiasi chake huwa kidogo sana kikilinganishwa na cha vidonge. Kama mtu akiiacha na pumu ikamrudia, ni kwa sababu pumu ilikuwapo muda wote. Mwenye macho mabovu akivua miwani asione, hatusemi kwamba miwani imemlevya.

Madaktari nao wana sehemu yao. Katika kijisanduku kile palikuwa na maandishi ya kalamu: "2x2". Hakuna zaidi. Mtoto wa miaka kumi na mitano aliyasoma kuwa nne, na nne ya nini hakujua. Hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kuitikisa inhela, kutoa pumzi kwanza, kuifumbata kwa midomo, kuibonyeza huku akianza kuvuta pole pole, kisha kuizuia pumzi kwa sekunde kumi. Hakuna aliyemwambia asukutue kinywa na kuyatema maji baada ya ile ya kahawia, ili asipate utando mweupe ulimini. Mimi nilipata utando huo mwaka wa kwanza nilipoitumia, nikaogopa, nikaiacha. Glasi moja ya maji ingetosha kuniepushia miaka ya ukaidi.

Kisha kuna fedha, na hapa sitaki kumhubiria mtu. Kopo la kahawia kwa kawaida ni ghali kuliko la buluu. Mzazi anayevuna viazi kwa kibarua, akiwa na karo, unga na makopo mawili ya kununua, atanunua lile ambalo mtoto akilivuta anaona limefanya kazi. Uamuzi huo si wa kijinga. Ni hesabu ya mtu aliyenyimwa nusu ya maelezo. Nami naona ni fedheha kwa nchi iliyoweza kuwafunza watu wake wanaoishi na virusi vya Ukimwi kumeza dawa kila siku kwa saa ileile, kwa washauri, kwa kengele za simu na kwa jamaa wa kukumbusha, ishindwe kumweleza mtoto wa pumu maana ya "2x2".

Hapa nakumbuka kisa ambacho hakimo katika silabasi yetu. Mwaka 1965 Ernesto Guevara, yule Muargentina aliyejulikana kama Che, alipita Kigoma akavuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana mashariki mwa Kongo. Huko alijiita Tatu, kwa Kiswahili hikihiki. Alikuwa daktari, na alikuwa na pumu tangu utotoni. Miaka miwili baadaye, katika misitu ya Bolivia, dawa zake zilikwisha. Julai 1967 kikosi chake kiliingia mji wa Samaipata, na miongoni mwa mambo yaliyotafutwa ni dawa za pumu yake, lakini hazikupatikana. Mwezi uliofuata jeshi likayateka maficho yaliyokuwa na akiba yake. Sina haja hapa ya kumsifu wala kumlaumu kwa siasa zake. Ninachokumbuka ni kwamba kuna watu walioingia mji na bunduki wakitafuta kitu ambacho mimi nilikuwa nacho juu ya kabati.

Walimu wenzangu, niruhusuni niseme juu ya kanuni zetu. Shule nyingi za bweni huagiza kwamba dawa zote zikabidhiwe nesi au matroni na zifungiwe kabatini. Sababu zipo, tunaogopa vidonge vya kulevya. Lakini kifua hakingoji ufunguo. Usiku ule, kama mvulana yule angekuwa na kopo la pili, lingekuwa nyuma ya kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda nyumbani kwake. Inhela ya buluu ikae mfukoni mwa mwenyewe, darasani, uwanjani na kitandani. Nililipeleka ombi hilo katika mkutano wa walimu nikapingwa na wawili waliodai kwamba wanafunzi wataigeuza kuwa mchezo. Nikawauliza ni wangapi wamewahi kumwona mtoto akicheza kwa mkongojo wake. Kanuni ilibadilishwa, ingawa kwa kura chache.

Jambo jingine tulilolifanya halikutugharimu shilingi. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kitakoni tundu linaloishika inhela barabara na kuzibwa pembeni, humsaidia mtoto aliyebanwa na pumu sawa na kile kifaa cha dukani kinachotumiwa kupokea dawa kabla ya kuvutwa. Dawa hupulizwa ndani ya chupa, mtoto huivuta kupitia shingo yake kwa pumzi zake za kawaida, na haimlazimu kulinganisha kidole na pumzi. Wanafunzi wa klabu ya sayansi walizitengeneza nne. Moja iko chumba cha walimu, moja kila bweni, na moja hubebwa na mwalimu wa michezo. Kila kiranja anajua sasa kwamba aliyebanwa huketishwa wima, halazwi. Kwamba hupewa ya buluu pumzi moja moja. Na kwamba gari huitwa palepale, haingojwi kwanza kuona kama atatulia.

Hesabu nayo imetusaidia. Kopo la kawaida lina pumzi 200. Anayevuta mbili asubuhi na mbili jioni hutumia nne kwa siku, kwa hiyo kopo humalizika siku ya 50. Muhula wenye majuma 13 au 14 unahitaji karibu makopo mawili. Mwanafunzi aliyeleta moja Januari na bado analo Agosti hana haja ya kuhojiwa. Kopo limekwisha kusema. Wala usilitikise ukaridhika kwa kusikia kitu kikichezacheza ndani, maana gesi huendelea kutoka dawa ikiwa imeisha, kama tulivyoona usiku ule. Andika tarehe ya kuanza juu ya kopo kwa wino usiofutika.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi kilio kilikaribia kunifichua kwa mtoto wa wenyewe. Siku alipotoka hospitalini niliingia darasani, nikaiweka inhela yangu ya kahawia mezani kando ya chaki, nikaeleza ni nini na kwa nini sikuwa nikiitumia. Kulikuwa na kimya kirefu. Baada ya kipindi wasichana wawili na mvulana mmoja walinifuata hadi mlango wa chumba cha walimu. Watatu hao nimewafundisha miaka miwili bila kujua.

Mvulana yule bado yuko shuleni kwetu. Tumewekeana mkataba. Kila Jumatatu baada ya gwaride la asubuhi hunijia na kuuliza neno moja, "Ngapi?" Kopo langu la sasa lina kidirisha kidogo kinachoonyesha pumzi zilizobaki, lake halina, kwa hiyo huzipigia mistari nyuma ya daftari la Hisabati. Nami humuuliza zake. Jumatatu iliyopita nilimjibu kwamba zimebaki 62. Akatazama juu, akahesabu kwa vidole, kwa kuwa anajua kwamba kopo hilo nililianza Jumatatu ya majuma matano yaliyopita.

"Zilipaswa kuwa 58, Mwalimu," akasema. "Ulikosa siku gani?"

Ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda harusini, nikaisahau nyumbani.